Komamanga la Buluu

Jumamosi ile, saa nne asubuhi, wazee wa kwetu walipaswa kuwa wanakaribia boma la kina Rosebellah kwenda kuniposea. Mimi nilikuwa naingiza gari kwenye lango la nyumba ya Al-Nuzha, Jeddah, nikijua kabisa kwamba hakuna mzee hata mmoja aliyetoka nyumbani. Nilikuwa nimewazuia mwenyewe. Jana yake alasiri, kwenye kituo cha mafuta katikati ya jangwa, nilimpigia baba nikamwambia, "Mzee, msiende. Huyo msichana si wangu peke yangu."

"Elkanah," baba akasema, "wazee wameshanyoa ndevu."

"Zitaota tena," nikamjibu, nikakata simu.

Rosebellah hakujua. Nilikuwa nimeapa nimwambie uso kwa uso, nimwone atakavyobabaika. Ndivyo wivu ulivyokuwa umenifanya. Usiku kule Taif, bosi ninayemwendesha kutoka Riyadh na familia yake walipolala hotelini, mimi nilikesha nikitunga maneno makali, nikiyapanga na kuyapangua.

Kisa chenyewe kilikuwa picha. Aliyenitumia ni Shiro, anayefanya kazi nyumba ya tatu kutoka kwetu, Al-Naseem, Riyadh. Aliiona kwenye status ya jamaa mmoja anayeitwa Derrick, kibarua wa kampuni inayokarabati kuta za nyumba ya madam wake Rosebellah. Katika picha, Rosebellah amefumba macho, anatabasamu. Huyo Derrick amesimama karibu naye mno, ameshika brashi pana ya manyoya laini, anampapasa nayo shavuni. Chini ameandika: "Kamanda wangu kazini." Na moyo wa njano.

Shavu ningeweza labda kulimeza. Lakini Kamanda? Jina hilo lilikuwa langu. Miaka miwili iliyopita, wakati wa Idi, nilimleta bosi kumwamkia shangazi yake hapo Al-Nuzha, nikaegesha gari juu ya zulia lililoanikwa. Msichana akatoka jikoni ameshika mwiko. "Wewe dereva, rudi nyuma. Tena. Tena kidogo. Hapo! Ukisogea nakupiga." Nikamwambia, "Sawa, Kamanda." Akacheka hadi akaegemea ukuta. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyemwita hivyo, na mimi sikuwahi kumwita vinginevyo. Uchumba wetu wote ulijengwa kwa simu, hasa za Ijumaa, yeye Jeddah, mimi Riyadh, kilomita karibu elfu moja kati yetu, na jina hilo ndiyo mali pekee tuliyokuwa nayo pamoja.

Tena nikiri jambo la aibu. Kabla ya Derrick, nilikuwa tayari namwonea wivu mwanamume mwingine, na huyo alikuwa marehemu. Katika nyumba hiyo wanamwita Nimsawi, maana ndivyo Waarabu wanavyomwita mtu wa Austria. Jina lake halisi ni Ferdinand Hollegger. Alikuwa mchoraji wa mapambo, wa kupamba kuta na dari, na zaidi ya miaka arobaini iliyopita alipamba majlisi, yaani sebule ya wageni, ya nyumba hiyo kwa mizabibu, ndege na makomamanga, yote yamezungushiwa majani ya dhahabu. Unyevu wa bahari umeibandua dhahabu mwaka hadi mwaka, na juzijuzi ndipo mafundi wakaitwa. Tangu waje, simu zangu za Ijumaa zikawa ni Nimsawi hivi, Nimsawi vile. Nimsawi alipenda kahawa bila sukari. Nimsawi alilala juu ya jukwaa siku tatu akichora ndege mmoja. Namuuliza, "Na mimi je?" Ananijibu, "Ngoja kwanza nikueleze hii ya ndege."

Basi nilishuka garini nikiwa na wanaume wawili wa kuwachukia.

Bosi aliingia upande wa familia. Dakika chache baadaye sauti ya madam mzee, yule shangazi, ikasikika kutoka majlisi. "Ya sawag! Taal!" Alikuwa akimwita dereva aje; alitaka mtu wa kuwasaidia kusogeza ngazi. Nikavua viatu nikaingia.

Madam alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu katikati ya chumba, shali mabegani, kama msimamizi wa mjengo. Na juu ya jukwaa la mbao alikuwa Rosebellah. Alikuwa amevaa gauni lake la kazi na kitambaa kichwani, lakini masikioni alikuwa na zile hereni nilizomtumia Krismasi. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la rangi, kioo kikimtazama, waya wa chaji umening'inia.

"Elkanah!" Uso wake uliwaka. "Umefika! Wao wamefika?"

"Akina nani?"

"Wewe nawe! Wazee wako. Mama alisema wakiingia tu atanipigia kwa video niwaone. Hema limesimamishwa tangu jana. Nimevaa hereni, si unaona?"

Niliziona. Ile hotuba yangu ya Taif ilikuwa imepangwa vizuri, lakini haikuwa imepangiwa hereni.

"Labda kuna matope njiani," nikasema.

"Matope gani na ni msimu wa jua?"

Nikashika ngazi nikaanza kuisogeza, nimpe mgongo. Nilipogeuka nilimwona akifanya kitu kilichonisimamisha. Alichukua ile brashi pana ya manyoya, ileile ya kwenye picha, akaipitisha shavuni mwake mara moja, polepole. Kisha akaigusisha kwenye karatasi ya dhahabu nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Karatasi ikang'ang'ania manyoya. Akaiinua akiwa amebana pumzi, akailaza ukutani kwenye umbo la jani. Akarudia. Shavu, dhahabu, ukuta. Shavu, dhahabu, ukuta.

"Kwa nini unajipaka uso hiyo brashi?" nikauliza.

"Mafuta ya ngozi. Bila mafuta kidogo dhahabu haishiki brashi, na ukiishika kwa kidole inavunjika. Nimsawi alikuwa anafanya hivyo hivyo. Hata shavu la Madam tulitumia wiki iliyopita, langu lilipokauka."

Madam alielewa anasemwa, akajigusa shavu kwa fahari.

Kumbe. Mtu mwingine yeyote angetulia hapo. Lakini wivu wangu haukuwa wa kushiba kwa jibu moja. Nikajiambia, sawa, brashi ni kazi. Na kutabasamu je? Na Kamanda?

Mlango wa nje ukafunguliwa, akaingia kijana mrefu amebeba ndoo, vumbi hadi kwenye kope. Nilimjua mara moja.

"Buda!" akaita. "Wewe ndiye Elkanah mwenyewe? Karibu sana! Kamanda ametueleza mambo yako mpaka tumekujua kama fundi mwenzetu."

"Anaitwa Rosebellah," nikasema.

"Eh. Sawa, bro." Alicheka kidogo, akanipita na ndoo. "Umeona kazi ya mikono yake? Wale mafundi Waitaliano wanamwazima kwa Madam kila asubuhi. Mkono wake hautetemeki. Na unajua siri ya hii kuta? Kila jani la dhahabu lina jina chini yake."

"Derrick," Rosebellah akasema kutoka juu, "fanya kazi."

"Si ni kweli? Ni sharti la Madam. Yeyote anayelaza dhahabu lazima kwanza aandike kwa penseli jina la mtu wake, ndipo afunike. Huyo Nimsawi ndiye alianzisha. Mimi majani yangu yote ni Monicah, mamangu." Akanikaribia, akashusha sauti, akanikonyeza. "Huyu wako hatuambii anaandika nani. Anafunika haraka kama mtu anaficha mtihani."

Laiti angejua alichowasha. Nilisimama nikishika ile ngazi, nikihesabu majani. Yalikuwa mengi. Pembeni ya dirisha, chini ya komamanga moja la buluu lililokaa peke yake kati ya mengine mekundu, dhahabu ilikuwa mpya kabisa, bado inang'aa kama maji. Huko ndiko alikokuwa akifanyia kazi wiki nzima. Wiki ya ile picha.

Adhana ya adhuhuri ilipolia kazi ikasimama. Mafundi wakatoka kula. Derrick akaondoka nao. Rosebellah akashuka, akaichomoa simu kwenye chaji na kuitia mfukoni, kisha akamsukuma Madam kwenda kwa sala na chakula. Alipopita karibu nami alinong'ona, "Elkanah, una nini? Unaniangalia kama polisi."

"Nitakuambia."

"Niambie mazuri basi. Nangoja simu ya Mama tangu asubuhi."

Nikabaki peke yangu na ukuta wa Nimsawi.

Nasema ukweli, nilipambana na nafsi yangu labda dakika mbili. Kisha nikapanda jukwaa. Nikalowesha dole gumba kwa ulimi, nikaliweka juu ya jani la kwanza chini ya lile komamanga la buluu, nikasugua. Dhahabu ilitoka bila ubishi, ikanigandia kidoleni. Chini yake palikuwa na rangi ya njano iliyokoza, na juu ya njano maandishi ya penseli, madogo, yaliyolala upande. Mwandiko wa Rosebellah.

*Elkanah. Jumatano. Hajapiga.*

Nilishusha pumzi. Mtu mwenye akili angeshuka hapo. Mimi nikajiambia labda ni hilo tu. Nikasugua la pili.

*Elkanah. Ijumaa. Amecheka mara tatu.*

Na la tatu.

*Elkanah. Ijumaa. Amemwonea Nimsawi wivu. Nimefurahi kidogo. Mungu anisamehe.*

"Ya sawag."

Niligeuka. Madam alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, na nyuma yake Rosebellah ameshika vipini. Dole gumba langu lilikuwa hewani, linameremeta. Hakukuwa na uongo wowote wa kusema.

Rosebellah hakupiga kelele. Alitazama ukuta, akatazama kidole, akatazama ukuta tena. "Umezibandua," akasema. "Elkanah, umebandua dhahabu yangu."

"Nilitaka kujua."

"Kujua nini?"

"Jina la nani."

"Si ungeniuliza! Mdomo si unao? Kila Ijumaa unautumia!"

Nikatoa simu, nikamwonyesha ile picha. Aliisogeza karibu na macho. Nilimwona akisoma maneno ya chini, na uso wake ukabadilika. Kumbe alikuwa haijui.

"Nani alikupa hii?"

"Shiro. Imewekwa na Derrick. Anakuita Kamanda, Rosebellah. *Kamanda wangu.* Hilo jina ulimpa lini?"

"Sikumpa! Uliponipigia wiki juzi mikono yangu ilikuwa na gundi, nikaweka simu kwa spika. Ukaita 'Kamanda' mara mbili, chumba kizima kikasikia. Tangu hapo hata wale Waitaliano wananiita hivyo."

"Na yeye? Hakutaki?"

Akanirudishia simu kwanza.

"Alinitaka," akasema. "Mwezi uliopita. Nikamkataa, nikamwambia nina mtu, akasema sawa. Ulitaka nikuambie kwa simu, halafu uendeshe gari kilomita elfu moja na watoto wa bosi nyuma ukiwa na hasira? Nilinyamaza ili usife barabarani."

Madam aligonga kono la kiti. Alikuwa haelewi Kiswahili, lakini picha, kidole na ukuta alivielewa vizuri tu. Akaanza kuzungumza taratibu, akimwonyesha Rosebellah kwa kidevu kwamba atafsiri. Na Rosebellah akatafsiri, macho yamekazwa kwangu, sauti imekauka kama ya karani wa korti.

"Madam anasema, Nimsawi alikuwa mtoto wa mtu aliyepamba makabati ya maharusi, kijijini kwao kando ya mto. Anasema alijifunza akiwa mdogo, akaenda mjini akapamba dari za majumba ya maigizo. Akaoa. Mkewe aliitwa Hermine."

Madam akaendelea. Rosebellah naye.

"Kabati la harusi yao alilichora mwenyewe. Rangi nyekundu ikamwishia, komamanga moja likabaki, akalimalizia kwa buluu. Alitaka kulirekebisha, mkewe akakataa. Akamwambia, 'Hilo liache, hilo ni letu.' Hakuna mtu mwingine aliyejua maana yake."

Nilitazama lile komamanga la buluu karibu na bega langu.

"Akaja huku kwa kazi ya miezi mitatu. Nyumba moja ikazaa nyingine. Akakaa miaka tisa. Vyumba kumi na vinne, Jeddah na Riyadh, na kila chumba aliweka komamanga moja la buluu. Watu wakaanza kusema lazima ni la mwanamke fulani. Maneno yakafika kwao. Hermine akasikia mumewe anachora lile komamanga lao kwa ajili ya mwanamke wa Jeddah." Rosebellah akaitazama simu mkononi mwangu. "Hakuuliza. Alirudisha barua zote bila kuzifungua. Hata pesa za nauli alizomtumia aje, akazirudisha."

"Halafu?" nikauliza, ingawa sikutaka kujua.

"Nimsawi akafa hapa hapa, kwa homa. Madam anasema wakati huo yeye alikuwa bi harusi mpya katika nyumba hii. Hermine alikuja baada ya miaka kumi na mmoja. Nywele nyeupe. Akasimama hapo ulipo wewe. Dhahabu ilikuwa imeanza kubanduka, akaona penseli. Kila jani, jina lake na siku. *Hermine, Jumanne, joto. Hermine, Alhamisi, hakuna barua.*" Sauti ya karani ikavunjika. "Madam anasema yule mama hakulia. Alikaa chini kwenye zulia mpaka jua likazama, anasoma ukuta. Zile nyumba nyingine zimebomolewa zote. Ukuta huu ndio umebaki. Ndiyo maana anataka kila anayeugusa aandike jina. Halas, basi."

Madam akaongeza sentensi moja, akininyooshea kidole.

"Anasema, yule mama angalau hakubandua. Zilibanduka zenyewe."

Nilikuwa nafungua mdomo kuomba msamaha wakati simu ya Rosebellah ilipoita mfukoni mwake. Alipoitoa na kuona jina, alisahau kila kitu. Alifuta macho, akarekebisha kitambaa na hereni. "Ni Mama! Wamefika!" Akabonyeza.

Nilitamani jukwaa linimeze.

"Mama! Wako wapi? Nionyeshe!"

"Nikuonyeshe nini, mwanangu?" Sauti ya Mama Valary ilikuwa imechoka. Valary ni dadake mkubwa Rosebellah. "Hapa ni viti tu. Saa saba sasa. Tumepika, tumengoja. Sasa hivi ndiyo tumepata habari kwa mtu wa bodaboda, kwamba wazee hawaji. Ati kijana mwenyewe amewazuia tangu jana. Rosebellah, umefanya nini huko Uarabuni?"

Nyuma yake sauti ya mwanamume ikanguruma. Huyo alikuwa mjomba Dalmas, ambaye hakuwahi kunitaka hata siku moja. "Nilisema! Nilisema dereva ni mtu wa kupita! Muwape kuku majirani, mambo yaishe!"

Rosebellah aliinua macho polepole kutoka kwenye simu. Kama ningekuwa na uwezo wa kufuta sekunde moja maishani mwangu, ningefuta hiyo.

"Tangu jana," akasema. "Uliingia hapa ukijua. Nikakuuliza, ukaniambia matope."

"Rosebellah..."

"Mama yangu ameketi kwenye hema na viti vitupu, majirani wanamwangalia. Na wewe unasugua ukuta."

Hapo nikajua kwamba maneno yangu kwake hayangetosha. Aliyeaibishwa zaidi alikuwa kwenye simu. Na kwetu Vihiga, mwanamume hazungumzi na mama mkwe wake. Hamtazamani usoni, hampeani mikono, akiingia jikoni wewe unatokea dirishani. Ukiwa na neno, unamtuma mjomba. Lakini mjomba nani? Dalmas?

Nikafanya kitu ambacho baba yangu hajawahi kufanya maishani. Niliipa ile simu mgongo, nikaelekeza uso ukutani, nisimwone wala asinione usoni, nikapaza sauti.

"Mama, shikamoo. Ni mimi Elkanah."

Mama Valary akasema, "Rosebellah. Hicho kinachozungumza nyuma yako ni redio ama ni mtu?"

"Ni mtu, Mama."

"Aya. Mimi sisikii mtu. Lakini redio ikisema, nina masikio."

Nikaongea na ukuta. Mbele ya macho yangu yalikuwa yale maneno matatu ya penseli, na jina langu mara tatu. "Rosebellah hajafanya kosa lolote," nikasema. "Kosa ni langu. Niliona picha, nikaingiwa na wivu. Sikuuliza. Nikampigia baba nikamwambia maneno ya uongo juu ya binti yako, nikazuia wazee. Nimekuaibisha mbele ya watu wako. Chakula chako kimelala kwa sababu yangu. Baba yangu hana hatia, wazee hawana hatia. Ni wivu wangu tu. Naomba radhi, Mama, na nitaisema hivi hivi mbele ya wazee wa pande zote mbili."

Nilisubiri. Jasho lilinitiririka mgongoni ingawa kiyoyozi kilikuwa kinanguruma.

"Rosebellah," Mama Valary akasema mwishowe, "hiyo redio inalia?"

Rosebellah alinichungulia kutoka pembeni. "Kidogo, Mama."

"Iambie hema si letu, linarudishwa leo. Nao wazee wakitaka kuja tena, watakuja kwanza kunywa uji na mjomba wako Dalmas, na yeye ndiye atakayewapangia siku. Iambie mjomba wako uji anakunywa polepole sana." Akavuta pumzi. "Mengine ni yako, mwanangu. Mimi nimesema ya kwangu kama mama. Wewe ndiye utakayeishi naye au usiishi naye." Simu ikakatika.

Madam aliuliza kitu kwa Kiarabu. Rosebellah hakutafsiri. Alipanda jukwaani, nikampisha. Akachukua kopo la gundi, akapaka kwenye umbo la jani la kwanza nililolibandua. Kisha akaninyooshea ile brashi ya manyoya.

"Wewe ndiye umeharibu. Tengeneza. Shavuni."

Nikaipitisha shavuni mwangu kama nilivyomwona yeye akifanya. Dhahabu haikushika. Nikajaribu tena. Karatasi ikachanika.

"Machozi hayasaidii," akasema. "Inataka mafuta."

Akaninyang'anya brashi. Akajipapasa shavuni, akainua dhahabu, akalifunika jani la kwanza. *Hajapiga* ikapotea. Akalifunika la pili, lile la kicheko. Alifanya kimya, mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na mimi nilisimama pale nikitamani nimguse nikijua sina haki ya kumgusa.

Alipofika la tatu alisimama. Alichukua kipande cha mpira, akafuta maandishi yale ya wivu na furaha yake kidogo, mpaka njano ikabaki tupu. Akatoa penseli nyuma ya sikio. Aliandika taratibu, na hakuficha.

*Elkanah. Jumamosi. Amewazuia wazee.*

Akairudisha penseli sikioni. Brashi akaiweka chini.

"Hilo hulifuniki?" nikauliza.

"Nitalifunika siku wazee wako watakapoketi kwa mama yangu. Si siku watakayoahidi. Siku watakayoketi."

"Watakuja, Kamanda. Nampigia baba sasa hivi."

"Usiniite hivyo."

Nikainamisha kichwa. Mlangoni Derrick alikuwa amerudi na ndoo yake, akaona nyuso zetu, akageuka akaondoka bila neno. Nje bosi wangu alishaanza kupiga honi, tulikuwa na safari ya kwenda kwa ndugu yake mwingine. Nikashuka jukwaani. Nilipofika mlangoni nikageuka.

"Na mjomba Dalmas akichelewesha? Akikaa mwezi? Miezi miwili? Utaningoja?"

Rosebellah alikuwa bado anatazama jani lile lisilo na dhahabu, chini ya komamanga la buluu. Alivua hereni moja, kisha ya pili, akazitia kwenye mfuko wa gauni lake la kazi.

"Jeddah ina unyevu, Elkanah," akasema. "Penseli isiyofunikwa haikai sana, na jina lako limo humo."